Mnaotuita kuja kuwakanda nyumbani, chumba kiandaeni kabla hatujafika

Mhariri habari za kazi,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua za wasomaji. Barua ni ndefu najua, ukilazimika kukata kata popote ila ile sehemu ya sakafu naomba uiache kama ilivyo, maana hiyo ndiyo imenifanya nikae chini niandike.

Mimi ni mkandaji, nakanda watu majumbani kwao hapa Dar es Salaam na huu ni mwaka wa 9. Wengine wanaita masaji, bibi yangu kule Tanga alikuwa anasema kuchua, kwenye timu za mpira wapo wachua misuli, kazi ni ile ile ya mikono na mafuta. Sina ofisi wala saluni. Mtu ananipigia, ananitumia lokesheni WhatsApp, napakia kitanda changu cha kukunja kwenye bajaji pamoja na begi la mataulo naenda, leo Kinyerezi kesho Sinza keshokutwa Mbagala. Na wateja wangu wengi siyo watu wa starehe kama watu wanavyofikiria wakisikia neno masaji, ni wazee wa magoti na mgongo, wazazi waliotoka kujifungua, madereva wa malori, mafundi cherehani wanaoinama kutwa nzima, na wagonjwa wa kiharusi walioruhusiwa hospitali ambao wako nyumbani wanahangaika mkono urudi.

Sasa mtu akipiga simu tunaongea bei, tunaongea saa ya kufika, basi. Karibu hakuna anayeniuliza chumba kiweje. Nafika nakuta sebule imejaa makochi mpaka mlangoni, tivii inaongea, watoto wanacheza, jikoni kuna mboga inaungwa, na mgonjwa mwenyewe kakaa tu anasubiri. Tunaanza kuhamisha kochi. Kochi halipiti, tunalirudisha, tunahamia chumbani, chumbani kitanda kimejaa nguo za kupiga pasi, tunatoa nguo, anaulizwa dada wa kazi shuka la zamani liko wapi, dada hajui, anapigiwa simu mama mwenye nyumba yuko kazini. Mpaka nishike mafuta dakika 20 zimeshaondoka kwenye ile saa moja aliyolipia na mimi nina mteja mwingine saa 10 upande wa pili wa mji na foleni ya Ubungo mnaijua. Yeye anaona kapunjwa, mimi nakanda huku roho iko barabarani, na mkono wenye haraka mgonjwa anausikia, hata usijidanganye, mwili wake unakaza tu.

Kwa hiyo naomba niwaambie wanaotuita ni kitu gani tunahitaji, na nianze na nafasi. Kitanda changu kina urefu wa sentimita 185 na upana wa 70, ukiangalia ni kidogo, lakini mimi sikandi nikiwa nimesimama sehemu moja, nazunguka, natoka kichwani naenda miguuni, nahama upande. Nahitaji hatua moja ya mtu mzima kila upande, hiyo tu. Chumba cha futi 10 kwa 10 kinatosha kabisa kama vitu vimesogezwa ukutani, nimeshawakanda watu kwenye chumba kimoja cha kupanga chenye kitanda, mtungi wa gesi, ndoo za maji na kabati, na tulienea. Cha msingi pasogezwe kabla sijafika, siyo tuanze kusukumana na kabati mimi nikiwa nimeshafika. Na kama unakaa ghorofa ya 4 bila lifti niambie kwenye simu, kitanda kina kilo 14, nitakuja nacho ila nitajipanga, au tutakubaliana nisije nacho.

Na bila kitanda inawezekana, hilo watu wengi hawajui. Sakafuni ni pazuri sana. Mikeka miwili, juu yake blanketi zito lililokunjwa mara mbili, juu yake shuka, mimi napiga magoti na uzito wa mwili wangu unanisaidia badala ya kutumia mabega. Kinachotushinda ni godoro laini la sponji. Nikibonyeza mgongo wa mtu godoro ndiyo linabonyea, mgongo unabaki vile vile, nakanda saa nzima anakuja kuniambia hajasikia kitu, ni kweli hajasikia. Kama godoro ndiyo lililopo na mzee hawezi kushuka chini basi gumu ni bora kuliko laini, na alale pembeni kabisa mwa kitanda siyo katikati, hiki cha 5 kwa 6 mtu akilala katikati mimi namfikia kwa kujivuta na kiuno changu ndiyo kinalipa.

Kuna mambo ya mito nayo. Mtu akilala kifudifudi kwenye kitanda cha kawaida shingo inapinda upande mmoja kwa nusu saa nzima, alikuja na maumivu ya mgongo anaamka na ya shingo. Andaa taulo ulikunje liwe kama ngata anayotwishia mtu ndoo, paji la uso likae pale, pua na mdomo vipate hewa. Mto mwingine uende chini ya vifundo vya miguu. Akilala chali mto unahamia chini ya magoti, hapo kiuno kinapumzika. Mjamzito mimba ikishakuwa kubwa simlazi chali wala kifudifudi, analala ubavu na mto katikati ya magoti na mwingine wa kukumbatia, kwa sababu akilala chali muda mrefu tumbo linalalia mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo, anapata kizunguzungu na jasho. Kwa hiyo nyumba yenye mjamzito nikisema niandalieni mito minne wala siyo anasa, yote ina kazi.

Mashuka yawe ya zamani, yale ya pamba yaliyofuliwa mpaka yakalainika, mawili yanatosha na khanga pea moja. Khanga ni kitu bora kabisa kwa kazi hii, nyepesi, inafunika vizuri, inapitisha hewa, haichomi ngozi. Mimi namfunika mtu mwili mzima namfunua sehemu ninayoifanyia kazi tu, nikimaliza mguu naufunika naenda mwingine. Kwa hiyo mama usiogope, sijaja kukuvua, na baba bukta inatosha. Usinitandikie shuka lako la harusi, mafuta ya nazi na ya ufuta yakikaa siku mbili kwenye shuka hayatoki tena vizuri na harufu inabadilika, loweka siku hiyo hiyo kwa maji ya moto na sabuni.

Joto la chumba nalo linasumbua sana. Dar joto letu tunalijua, mwezi wa 1 mpaka wa 3 mtu anataka pangaboi lizunguke mwisho. Lakini mwili uliopakwa mafuta ukipigwa na upepo moja kwa moja unapoa haraka, misuli inajikunja, nakanda upande huu upande ule umeshakaza. Feni iwashwe mapema chumba kipoe, nikianza ipunguzwe au igeuzwe iangalie ukuta. Wenye kiyoyozi wekeni 25 au 26, siyo 18. Mwezi wa 7 asubuhi ni kinyume chake, mafuta ya nazi yanaganda kwenye chupa, hapo naomba maji ya moto kwenye bakuli niloweke chupa, hiyo kazi ya dakika 5 inaweza kufanyika kabla sijafika.

Ila msije mkaleta jiko la mkaa chumbani. Nasema hili kwa herufi kubwa. Huku kwetu linaletwa kwa ajili ya udi au kuweka maji ya moto karibu na mzazi, kwenye mikoa ya baridi kama Njombe na milima ya Lushoto linaletwa kupasha chumba, mlango unafungwa na madirisha yanafungwa ili mgonjwa asipigwe na upepo. Mkaa unaowaka kwenye chumba kilichofungwa unatoa sumu isiyo na harufu wala rangi, kichwa kinauma, usingizi unakuja, na watu wamelala wasiamke. Mtu anayekandwa kwa kawaida anasinzia, nani atajua huyu kasinzia kwa raha na huyu kwa sumu? Maji yachemkie nje au jikoni yaletwe kwenye ndoo yenye mfuniko.

Harufu nyingine pia muwe waangalifu. Najua ni ustaarabu wetu wa pwani kufukiza udi mgeni akija na mimi mwenyewe naupenda, lakini ufukizwe nusu saa kabla kisha madirisha yafunguliwe, maana mtu mwenye pumu akilazwa kifudifudi kwenye moshi anabanwa. Dawa ya mbu ya kupuliza vile vile, puliza saa nzima kabla, fungua chumba kitoe ile hewa. Na mbu wenyewe msiwasahau, kuanzia saa 12 jioni mtu aliye wazi mgongo ni chakula chao, na hapa mjini siyo malaria peke yake, dengue ilitutesa 2014 ikarudi tena 2019. Kama dirisha halina wavu tupange mchana tuwakwepe wale wa malaria, ingawa wa dengue wanauma zaidi mchana. Ila huo mchana usigongane na muda wa sala, nyumba za Waislamu mimi napenda kufika baada tu ya adhuhuri ili nimalize kabla ya alasiri, mzee haanzi kuhangaika azana imelia na yeye ana mafuta mwili mzima.

Niende kwa wagonjwa wa kiharusi kwa sababu hapa ndipo chumba kinaamua mambo makubwa zaidi. Mimi siyo mtaalamu wa fiziotherapia wala daktari, mgonjwa lazima awe chini ya hospitali, mimi nafuata walichoelekezwa kule. Lakini nyumba nyingi ninazoingia kitanda kimesukumwa mpaka ukutani, na upande uliolegea ndio upo ukutani, eti asianguke. Nia ni nzuri kabisa. Tatizo ule mkono na ule mguu unaohitaji kazi ndio sifiki, mpaka nipande kitandani, na mgonjwa mwenyewe kutwa nzima anaangalia upande mzima, ule mwingine anausahau kama siyo wake. Siku ninayokuja kitanda kivutwe kati mtu aweze kupita pande zote, wawepo watu wawili wenye nguvu, na chini ya mgonjwa kuwe na shuka lililokunjwa la kumgeuzia. Asivutwe kwa mkono uliolegea hata siku moja, bega lile halina misuli ya kulishikilia linateguka kirahisi na likishateguka maumivu yake ni ya miezi. Na mkiona sehemu imekuwa nyekundu kwenye kisigino, nyonga au pale mkiani msinielekeze niikande, ile ni dalili ya kidonda cha kulala, ikisuguliwa inapasuka, inachotaka ni mgonjwa kugeuzwa mara kwa mara uzito uondoke pale.

Halafu maji ya moto. Jamani maji ya moto. Nimeshafika nyumba moja nikakuta mzee ana malengelenge kuanzia goti mpaka kwenye kigimbi, wanawe walianza kumkanda na taulo la maji ya moto asubuhi wakati wananisubiri, walitaka nikifika nikute mguu umelainika. Mzee hakulalamika kwa sababu upande ule ana ganzi, hasikii. Hakuna aliyetaka kumuunguza, walikuwa wanampenda mpaka mmoja alikuwa analia. Upande wenye ganzi haujui moto, na miguu ya wenye kisukari cha muda mrefu ni hivyo hivyo, kwa hiyo maji yajaribiwe kwa kiwiko cha mtu mzima wa afya, yakikufanya ushituke hayo hayafai. Siku ile sikukanda, tulimpeleka hospitali.

Na wazazi walio kwenye arobaini ni hivyo hivyo. Bibi zetu walikanda wakatuzaa na kutulea, siwezi kuwabeza hata kidogo, mikono yangu imetoka kwa bibi yangu. Lakini aliyefanyiwa operesheni tumbo lake haliguswi kwa maji ya moto wala kwa ngumi, mimi nitamkanda mgongo, mabega na miguu, na mtoto awe karibu sehemu ambayo mama anamuona, mama asiyemuona mtoto hatulii. Kila ninapomkanda mzazi naangalia miguu yote miwili kwanza. Mguu mmoja ukiwa umevimba kuliko mwenzake, una joto, kigimbi kinauma, hapo simgusi, inaweza kuwa damu imeganda ndani ya mshipa na kukanda kunaweza kulisukuma lile donge mpaka kwenye mapafu. Mtu wa hivyo ni wa hospitali leo siyo kesho. Wengine wananuna, wanasema umekuja kutoka Tabata mpaka huku halafu hukandi, mimi nachukua nauli ya bajaji tu naondoka. Ndiyo maana nikipiga simu asubuhi nauliza presha, sukari, homa, dawa unazotumia, hasa hizi za kufanya damu iwe nyepesi maana wanaozitumia wanavia damu hata kwa kuguswa kidogo, msione nawapeleleza.

Hili la mlango nimefikiria sana kama niliandike. Kazi yetu imechafuliwa jina na wako wanaofanya mambo mengine kwa kivuli chake, matokeo yake sisi tunaokanda wazee tunapigiwa simu usiku tunaulizwa maswali ya ajabu. Mimi nimeshaingia nyumba nikaambiwa mgonjwa ni mama, kumbe mama hayupo, yupo mwanaume peke yake, mlango ukafungwa na funguo ikaingia mfukoni. Nilipiga kelele mpaka mpangaji wa chumba cha pili akagonga, nikatoka, begi langu niliacha. Sikukanda wiki mbili baada ya hapo. Kwa hiyo chumba kilichoandaliwa kwa mkandaji mwanamke ni pamoja na kuwa na mtu mwingine mzima nyumbani, na mlango urudishwe tu kwa ajili ya faragha usifungwe kwa funguo, pazia litafanya kazi iliyobaki. Na nyie nyumbani mna haki kuniomba kitambulisho nikifika, sijawahi kuona vibaya, mnamkabidhi mama yenu kwa mtu msiyemjua. Mbwa afungwe.

Sasa sakafu.

Mwaka jana mwezi wa 11 nilikuwa namkanda bibi mmoja wa Segerea, umri wake umepita 70, mchangamfu, anakaa na mwanawe na wajukuu. Magoti yalikuwa yanamsumbua. Mwanawe alikuwa ametoka kumjengea sebule ikawekwa tailizi mpya, zile nyeupe za kung'aa, bibi mwenyewe alikuwa anajivunia kila mgeni anaonyeshwa. Siku ile nilimaliza na miguu kama nilivyozoea, nyayo mwisho, nikamwambia bibi pumzika kidogo nakuja, nikaenda jikoni kunawa maana bafuni maji yalikuwa hayatoki. Simu yake ikaita. Ilikuwa juu ya stendi ya tivii, hatua nne au tano kutoka alipolala. Mwanawe mwingine yuko Mwanza huwa anapiga jioni, bibi hawezi kuiacha simu ya mwanawe. Akashuka kitandani peku na mafuta yangu kwenye nyayo.

Nilisikia kishindo tu nikiwa bado na povu mikononi.

Ulivunjika mfupa wa nyonga. Alifanyiwa upasuaji akawekewa chuma, alilala hospitali wiki tatu. Familia haikunilaumu hata neno, mimi nilienda kumuona kila Jumamosi nikiwa naogopa macho ya wale wajukuu. Siku ya kwanza nimemkuta amelala nikaanza kulia, akanishika mkono akasema mwanangu ile sakafu ilikuwa kambale. Kweli ilikuwa kambale. Lakini mafuta ni mimi niliyeyapaka, na simu ningeweza kuisogeza, na mkeka ulikuwepo umekunjwa nyuma ya mlango, nilipita nao nikaingia.

Tangu siku hiyo nimebadilisha kila kitu na naomba na wakandaji wenzangu wasome hapa. Miguu nafanya mwanzo siyo mwisho, nikimaliza nafuta nyayo na katikati ya vidole kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu na sabuni halafu nakausha kwa taulo kavu. Sianzi kazi kabla mkeka au kapeti la mpira halijatandikwa kutoka kitandani mpaka mlango wa bafuni, lisiwe la kukunjika pembe. Kandambili zenye meno zinakaa pale pale zinapoangukia nyayo, siyo slipa za manyoya, hizo zinateleza kuliko peku. Simu inakaa karibu na mkono wa mgonjwa au inazimwa sauti, na wanaopenda kupiga wanajulishwa mapema. Mzee simuachi peke yake, kama nahitaji kunawa basi ndoo na sabuni viko ndani ya chumba hicho hicho. Na hashuki haraka, anakaa kwanza pembeni mwa kitanda miguu ikigusa chini, dakika 3 hivi, tunaongea tu, kwa sababu mtu aliyelala saa nzima akiinuka ghafla presha inashuka anaona giza, hasa wanaotumia dawa za presha. Anakunywa maji glasi moja. Ndiyo anasimama, na mimi nimesimama mbele yake.

Nyumba zinazoweka tailizi sasa hivi ni nyingi na ni maendeleo mazuri, hata mimi nikijaliwa nitaweka. Ila fundi akiuliza rangi gani mwambie kule anakolala mzee aweke zile zenye ukakasi, siyo za kung'aa. Bei sijaona tofauti kubwa dukani.

Mwezi uliopita bibi alinipigia mwenyewe, akasema njoo unikande, nimekaa nimekauka. Sikulala vizuri usiku ule. Nilifika saa 8 mchana, mlangoni nikapokelewa na mjukuu wake wa kidato cha pili, akaniamkia, akaniambia anti chumba tayari. Nikaingia. Makochi yamesogezwa, mikeka miwili imeshonwa pamoja imetandikwa mpaka bafuni na chini yake wameweka kile kizulia cha mpira kisiende, ndoo ya maji na sabuni iko pembeni, kile kichuma cha miguu minne anachotembelea kimesimamishwa upande wake wa kulia, kandambili zimegeuzwa zinaangalia nje ili bibi akikaa tu nyayo ziingie. Simu iko chini ya mto. Yule binti akaniuliza nimesahau nini, nikatafuta sikuona.

Shikamoo bibi, nikasema, nikakunja mikono ya gauni. Bibi akajibu marahaba mwanangu, anza na miguu.

Ni mimi mkandaji, Tabata, Dar es Salaam. Jina langu unalo Mhariri, naomba usiliandike.